Heri "hapana" kuliko "njoo kesho"

Alifika Amu, yaani mji wa Lamu, pwani ya Kenya, na boti ya asubuhi kutoka Siyu, kisiwani Pate. Aliponipata ilikuwa baada ya alasiri, kivuli kimeshaingia Langoni na punda wanarudi bila mizigo. Mkononi alishika bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira, ile ambayo karibu kila nyumba huku inayo, hukaa juu ya kabati pamoja na hati ya shamba na cheti cha kifo cha mume. Nikamwamkia. Akaitikia, akaketi kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, akavuta pumzi, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikuja kuomba pesa. Nataka mtu aniambie kama nimo au simo."

Alikuwa akiulizia pesa za wazee. Ndivyo tunavyouita mpango wa serikali wa Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo mara nyingine hutolewa miezi miwili kwa pamoja, yaani 4,000. Alikuwa amezifuata kwa zaidi ya mwaka. Ofisi ya kwanza ilimwambia jina litakuja. Ya pili ikamwambia arudi kule kwa kwanza. Mtu mmoja njiani akamwambia atoe 500 "za kusukuma faili", akazitoa.

Nikafungua bahasha. Kitambulisho kilisema amezaliwa mwaka 1960. Chini yake kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha kifungua mimba wake: 1970. Kwa hesabu ya serikali, Bi huyu alijifungua akiwa na miaka kumi. Nilimwonyesha. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, tukacheka hadi mpita njia akageuka. Kisha nikamweleza yaliyobaki, ambayo hayakuchekesha. Pesa za wazee ni za waliotimiza miaka 70. Mfumo husoma kitambulisho, hausomi uso. Kwa kitambulisho chake, miaka hiyo anaitimiza mwaka 2030. Kwa hiyo humo hayumo, wala hatakuwamo kabla ya hapo mpaka tarehe ile irekebishwe, na kuirekebisha kuna safari zake: ushahidi, kiapo, kusubiri.

Akanyamaza. Akasema alhamdulillahi, akaomba maji ya kunywa. Wiki mbili baadaye mjukuu wake alinipigia kwa jambo jingine kabisa, na katika mazungumzo akataja kwamba bibi ameacha kuamka saa nane za usiku kuzipanga upya karatasi zake.

Hakupata hata senti. Jibu alilopata lilikuwa baya. Basi alilala kwa nini?

Ushauri upi huu

Kwanza tutenganishe mambo, kwa sababu neno "ushauri" linabeba mizigo miwili. Kuna ushauri nasaha, ambapo mtu aliyesomea anakusikiliza na kukusaidia kuyapanga yaliyo moyoni. Ninalolizungumzia mimi ni jambo la makaratasi: mtu anayezijua kanuni anakaa na wewe, anakwambia kipi ni haki yako na kipi si chako, anakusaidia kuandika, na ikibidi anakusindikiza hadi dirishani. Haulizi ulijisikiaje utotoni. Anauliza nambari ya kitambulisho.

Waingereza wamelijengea jambo hili taasisi. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza Septemba 1939, ofisi za Citizens Advice zilifunguliwa ndani ya siku chache tu, zikiendeshwa zaidi na watu wa kujitolea. Waliokuja walikuwa na maswali ya watu waliovurugikiwa: kadi ya mgao wa chakula imepotea, nyumba imebomolewa kwa bomu, jamaa hajulikani alipo, mdai anabisha hodi. Kulikuwa na gari la kubebea farasi lililogeuzwa ofisi na kuegeshwa karibu na mitaa iliyopigwa. Nikisoma hilo huwaza kwamba Amu, mji wa punda, tungefanya la kufanana na hilo bila shida.

Hapa kwetu hakuna taasisi moja ya namna hiyo, lakini kazi yenyewe ipo na hufanyika kila siku. Hufanywa na mzee wa mtaa, imamu baada ya sala, karani wa Mahakama ya Kadhi anayekueleza ni fomu gani ya kudai matunzo ya watoto, wasaidizi wa sheria wa kujitolea, kamati za wanufaika, na yule binamu aliyesoma Mombasa ambaye "anajua mambo ya kompyuta". Wengine hufanya vizuri sana, na wengine hubahatisha. Tofauti kati ya hao wawili ni kubwa kuliko tunavyofikiri.

Nyoka chini ya jiwe

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walichapisha jaribio ambalo mtu akilisikia mara moja halisahau. Watu 45 waliketi mbele ya kompyuta iliyowaonyesha mawe. Kabla jiwe halijafunuliwa, kila mtu alitakiwa akisie: chini yake kuna nyoka au hakuna? Nyoka akionekana, mshiriki alipigwa shoti ya umeme mkononi, shoti yenye kuuma kweli. Wakati wote huo walipimwa jasho na upanuzi wa mboni za macho, dalili ambazo mtu hawezi kuzificha.

Ungetarajia aliye na hakika ya kupigwa shoti ndiye awe na hofu kubwa kuliko wote. Sivyo ilivyotokea. Msongo ulipanda kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyejua kwa yakini kwamba shoti inakuja alikuwa ametulia kuliko yule aliyeambiwa labda ije, labda isije.

"Njoo kesho" ni hiyo nusu kwa nusu. Bi wa Siyu aliishi chini ya jiwe lile kwa zaidi ya mwaka, na kila boti aliyoipanda ilikuwa jiwe jipya la kufunua. Mwili wake haukuwa na njia ya kujua kwamba tisho lenyewe ni karatasi tu. Mwili hautenganishi karatasi na nyoka: moyo huenda mbio, homoni ya kortisoli humwagika kwenye damu, usingizi hukimbia, na ikiendelea hivyo mwezi baada ya mwezi ndipo watu husema "presha imempanda". Hawasemi uongo.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walieleza miaka ya 1980 kwamba msongo hauletwi na tukio peke yake. Mtu hujiuliza mambo mawili, mara nyingi bila kujua kwamba anajiuliza: hili linanitishia? Na je, nina la kufanya? Jibu la pili likiwa "sina", hata jambo dogo huelemea. Jibu likiwa "ninalo, ingawa ni gumu", mtu humudu mzigo mkubwa wa kushangaza. Ushauri wa haki haugusi sana swali la kwanza, maana umaskini wa Bi ulibaki palepale. Ulichogusa ni la pili. Aliingia akiwa hana la kufanya ila kungoja, akatoka akiwa na orodha ya vitu vitatu vya kutafuta. Kungoja kuligeuka kazi.

Hapo pana tofauti ambayo lugha yetu inaijua. Kuna kuvumilia na kuna kumudu. Anayevumilia amekaa chini ya mzigo, na anayemudu ameutafutia namna ya kuubeba. Tunawasifu sana wanaovumilia, hasa wakiwa wanawake, na nadhani sifa hizo zimewachelewesha wengi kuuliza.

Kukopeshwa kichwa

Mwaka 2013 kulichapishwa utafiti kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao hulipwa kwa mkupuo baada ya mavuno. Wakulima walewale walipewa mafumbo ya kupima akili kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, mfuko ukiwa umejaa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Watafiti wakasema ukata hula nafasi ya kichwani: fikra zote hurudi kwenye deni la dukani, na kidogo kinachobaki hakitoshi kwa mambo mengine. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na mabishano hayo ni ya haki. Lakini mvuvi yeyote wa kwetu ataelewa wazo lenyewe. Mtazame mvuvi wakati wa kaskazi, bahari imetulia na samaki wanatoka: hesabu zake kali, mizaha tele barazani. Mtazame huyohuyo Julai, kusi imekaza na mashua iko juu ya mchanga. Akili ni ileile, ila ina mgeni asiyeondoka.

Sasa angalia balaa la mpangilio. Fomu hutufikia tukiwa kwenye kusi. Hakuna anayetafuta msaada wakati mambo yamemnyookea. Kwa hiyo makaratasi magumu kuliko yote maishani humjia mtu akiwa na kichwa kidogo kuliko wakati wote. Jina limeandikwa Athman hapa na Athumani pale, mfumo umelikataa, na ujumbe uliokuja kwenye simu ni wa Kiingereza. Mtu mwenye nafasi angecheka na kulitatua. Mtu aliyejaa huliona kama ukuta.

Mshauri mzuri anakukopesha kichwa chake kwa nusu saa. Anashika ile karatasi ambayo wewe huwezi kuishika. Nimeona watu wakipumua kwa sauti pale tu mtu mwingine alipoichukua bahasha mikononi mwao, kabla hata haijafunguliwa.

Mfano mwingine wa haraka. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ilipoiachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), maswali ya barazani yamekuwa mengi kuliko majibu. Watu wengi huchanganya kujisajili na kulipa. Kujisajili ni bure. Mchango ni jambo la pili: asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Nimekutana na kina mama waliokwepa kujisajili kwa kuogopa kwamba wakishaandikwa tu, deni linaanza kuhesabiwa siku hiyo na siku moja litakuja kudaiwa mlangoni. Dakika tano za maelezo zinaondoa hofu ya miezi.

Sitara

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tafiti za ng'ambo zinapotufaa kwa kiasi tu.

Wataalamu wa utawala wa Marekani, Pamela Herd na Donald Moynihan, wameandika kuhusu gharama anazolipa raia ili apate kile ambacho tayari ni chake. Kuna gharama ya kujua: kipo? ni changu? naanzia wapi? Kuna gharama ya kutimiza: nauli, picha, nakala, foleni. Na kuna gharama ya moyo. Mbili za kwanza tunazijua. Kutoka kisiwa cha Pate kuja Amu na kurudi ni nauli, na ni siku nzima, na ukikosa maji ya kujaa ni kulala kwa jamaa. Ile ya tatu ndiyo isiyosemwa.

Sisi tuna neno sitara. Mtu husema "Mungu anisitiri" naye hamaanishi nguo tu. Anaomba haja zake zisijulikane. Kusitirika ni kuwa na kiasi cha kukutosha usionekane umepungukiwa: jirani asijue kwamba leo jiko halikuwaka, mgeni apate kahawa hata kama sukari imekopwa. Mji wetu ulijengwa kwa wazo hilo, kuta nene, madirisha juu, daka la kumpokea mgeni bila kumwingiza ndani. Halafu tunamwambia mtu wa mji huo aende akapange foleni hadharani, jina lake lisomwe kwa sauti mbele ya baraza la chifu kama mtu asiyejiweza.

Wapo wanaojua kabisa kwamba wanastahiki na hawaendi. Si ujinga. Wamepiga hesabu, wakaona 2,000 hazifikii bei ya sitara yao.

Ushauri hapa hufanya kazi moja ndogo yenye uzito: hubadilisha jina la kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba serikali itawapa hifadhi hiyo wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Haisemi serikali ikipenda. Mara nyingi nimemsomea mzee kifungu hicho kwa Kiswahili na kuona mabega yake yakinyooka. Kilichokuwa kuomba kinakuwa kudai.

Lakini nikiri kosa langu pia. Zamani nilizoea kusema "hii ni haki, si sadaka", mpaka mwalimu mmoja wa madrasa akanisahihisha kwa upole. Akanikumbusha kwamba Qur'ani, katika Surat Al-Ma'arij, inasifu wale ambao katika mali zao iko haki maalumu kwa mwenye kuomba na kwa anayejizuia kuomba. Haki, akasema, hata huko. Na yule wa pili ametajwa makusudi, kwa sababu anayejizuia haonekani. Tangu hapo nimeacha kuishusha sadaka ili kuipandisha serikali. Husema tu: hiki kina jina lako, na wajibu wa kukifikisha si wako peke yako.

Namna ya kusema ina uzito sawa na maneno yenyewe. Mjane aliye edani hatakuja ofisini, kwa hiyo anayetaka kumsaidia atume mwanamke nyumbani kwake. Mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi hataulizwa mapato yake mbele ya vijana. Mambo haya hayamo kwenye mwongozo wowote niliouona, na ndiyo yanayoamua kama mtu atarudi.

Je, ushahidi upo?

Upo, na umekunjamana. Wanaoutaja husema nusu yake, kwa hiyo tuutandaze wote.

Kaskazini mwa London kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu washauri wa haki waliowekwa ndani ya zahanati, mlango wa pili kutoka kwa daktari. Waliopata ushauri walilinganishwa na wagonjwa wengine wasioupata. Dhiki ya fedha ilipungua. Kwa kila pauni 1 iliyotumika kuendesha huduma, watu walipata karibu pauni 15 walizostahiki. Dalili za wasiwasi na sonona zilipungua kwa wanawake na kwa watu weusi, ila si kwa kila kundi. Hali ya moyo iliboreka hasa kwa wale ambao ushauri wao ulizaa matokeo.

Kisha kuna jaribio la pili, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019. Hili lilikuwa la nguvu zaidi kitaalamu, kwa sababu watu 755 wenye miaka 60 na zaidi waligawanywa kwa kura: nusu walitembelewa nyumbani na mshauri bila kungoja, nusu wakangoja. Baada ya miaka miwili, ubora wa maisha yao haukutofautiana.

Mtu mvivu atachukua moja ya hizo mbili na kuitupa nyingine. Mimi naona zinasema jambo lilelile. Wale wa London walikuja wenyewe, wana mwiba mguuni. Wale wazee 755 walialikwa kutoka kwenye orodha za madaktari wao, na wengi wao hawakuishia na malipo mapya, kwa sababu hawakuwa na kitu kipya cha kudai. Ukimtoa mwiba aliye na mwiba, anatembea. Ukimkagua mguu asiye nao, atakushukuru na kutembea kama jana. Ushauri hauongezi furaha kama vitamini. Unaondoa kitu mahususi kinachochoma, na kama hakipo, hakuna cha kuondoa.

Kuhusu fedha zenyewe, Kenya ina ushahidi wake. Utafiti wa mwaka 2016 uliwaangalia vijana wa nyumba zilizokuwa zikipokea pesa za mayatima na watoto walio hatarini, mpango uliokuja kuwa sehemu ya Inua Jamii. Uwezekano wa kuwa na dalili za sonona ulikuwa pungufu kwa asilimia 24, hasa kwa vijana wa kiume. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, familia zilizopewa fedha bila masharti ziliripoti furaha zaidi na msongo pungufu. Watafiti walipopima kortisoli kwenye mate, kwa wastani haikushuka, ila waliopewa kiasi kikubwa zaidi walikuwa na kiwango cha chini kuliko waliopewa kidogo. Huo ni ukweli wa kukumbuka kwa mpango ambao kiwango chake, 2,000, kimesimama palepale kwa zaidi ya miaka 10 huku bei ya unga ikipanda ngazi.

Ushauri mzuri kuhusu pesa ndogo unabaki ushauri kuhusu pesa ndogo. Sitaki mtu asome makala haya akaamini kwamba maneno matamu yanajaza sufuria.

Ushauri unapoumiza

Tumaini pia lina kortisoli yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Ilikuwa siku ya takbira. Walipata ushauri wa kisheria, wakasimama, wakashinda. Kisha fedha hazikuja, na miaka ikaanza kupita. Barazani mazungumzo yakageuka: nani yumo kwenye orodha, nani aliingizwa, jina la nani limeachwa. Wapo waliokopa kwa kutegemea fidia hiyo. Ushindi ulirudi kuwa jiwe lenye nyoka nusu kwa nusu.

Sisemi wasingedai. Nasema kwamba mshauri anayekueleza haki yako bila kukueleza urefu wa njia amekupa nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaweza kukunyima usingizi kuliko kutojua. Yule wa 500 "za kusukuma faili" alifanya vibaya zaidi: aliuza tumaini kwa bei ambayo Bi angenunua samaki wa siku mbili.

Kuna na jirani. Watafiti wa Rarieda waligundua kwamba waliokosa fedha walipoona wenzao wamepata, kuridhika kwao na maisha kulishuka. Nani hapa atashangaa? "Yule ana mtoto Ulaya na amepata, mimi nimekosa." Mara nyingi kuna sababu ya kawaida kabisa: mwenzako alisajiliwa wakati usajili ulipokuwa wazi nawe ulikuwa umelazwa, au unapokea pensheni ya serikali, na mwenye pensheni hahesabiwi. Sababu isiposemwa, husuda huijaza nafasi yake, na fitina ya mtaa mdogo inachosha kuliko njaa.

Kwa hiyo nimeanza kuwaelekeza watu kuomba kitu kimoja kabla ya pesa: sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo yeyote aliyeathiriwa vibaya na uamuzi wa kiutawala. Na kama unachotaka ni habari tu, iwe ni kama jina lako limo au lilikwama wapi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa akujibu ndani ya siku 21. Barua ya mistari minne inatosha. Iandikwe kwa Kiswahili, ipigwe nakala, na nakala igongwe muhuri siku ya kupokelewa. Wakinyamaza, malalamiko hupelekwa Tume ya Haki ya Utawala, bila malipo. Sikuahidi kwamba siku ya 21 jibu litakuwa mezani. Lakini "siku 21" ni tofauti na "kesho". Ina tarehe, na tarehe ni kitu ambacho mtu anaweza kukilalia.

Bi wa Siyu alirudi mwezi uliofuata, safari hii akiwa na vyeti vya watoto watatu, karatasi ya zamani ya kliniki ambayo panya walishaionja pembeni, na mzee mmoja wa rika lake aliyekubali kuapa kwamba walicheza pamoja utotoni. Mzee huyo, kumbe, naye kitambulisho chake kina makosa, ila yake ni ya upande wa pili: kinampa miaka mitano zaidi. Analipwa pesa za wazee, na aliniomba nisiulize zaidi.

Tulijaza fomu. Karani akampa tarehe ya kurudi. Bi hakuiandika kwenye simu. Alimwomba mjukuu aandike nyuma ya bahasha ya kaki, kwa wino mweusi, herufi kubwa: siku, tarehe, na pembeni yake saa ya maji kujaa.